Mdomo wa Kuazima

"Usisukume hivyo, Munyiva. Rola haitaki nguvu, inataka subira," Kahiga alisema akiwa juu ya ngazi. "Ukiisukuma, inakutemea."

Ilikuwa imeshamtemea. Matone ya rangi ya manjano yalikuwa yamemrukia shavuni na kwenye kitambaa alichojifunga kichwani, na moja lilikuwa limemkalia juu ya pua bila yeye kujua.

"Wewe umezoea," Munyiva akajibu. "Mimi nimezoea kuosha, sijazoea kupaka."

"Ndiyo maana nakufundisha. Kuna siku tutakuwa na nyumba yetu, na sitakubali kupaka peke yangu wewe ukinywa chai."

Alilisema neno hilo bila kugeuka, macho yakiwa kwenye pembe ya dari, kama mtu anayeomba apewe brashi. Munyiva alihisi moyo wake ukiruka kwa furaha. Kisha ukaanguka palepale ulipokuwa umelala tangu siku ya kikao, mahali pazito penye aibu.

Akachungulia dirishani. Nje, kwenye kivuli cha tangi la maji, Mwihaki, dada yake Kahiga, alikuwa amekaa katika kiti chake cha magurudumu, ameipa nyumba mgongo na kuelekea lango. Lori za mawe zilikuwa zikipita barabarani na kuacha vumbi, na vumbi lile lilimfikia pale alipokuwa, lakini hakuomba asogezwe. Hakuwa ameomba kitu chochote siku hizi.

"Amekula?" Kahiga akauliza.

"Kidogo."

"Ameongea?"

"Hapana."

Kahiga alishuka ngazi, akajifuta mikono kwenye suruali yake kuukuu. Alikuwa kijana mrefu wa sauti ya chini, mwenye duka la mbao kule Kona Baridi, na kila Jumamosi alivuka uwanda mzima kuja Kitengela kumwona dada yake. Hiyo ndiyo sababu iliyojulikana. Sababu ya pili ilikuwa imesimama mbele yake, ina rangi puani.

"Nilimletea vibao vya rangi achague," alisema. "Nikamshikia kimoja kimoja. Alifumba macho. Mwisho nikachagua manjano mimi mwenyewe. Unaona ataipenda?"

"Ni rangi nzuri."

"Sikuuliza kama ni nzuri." Alimtazama kwa muda, kisha akanyoosha kidole gumba kumfuta shavu. "Munyiva, wewe ndiye unamjua. Ni ugonjwa? Ni mimi nimemkosea?"

Munyiva alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukakaribia kugusa ukuta mbichi. "Hujamkosea kitu," akasema, na hayo yalikuwa kweli tupu.

Mahali pale watu walipaita kwa Muthoki, kwa jina la mama aliyepaanzisha. Hapakuwa hospitali wala shule. Palikuwa nyumba, na vijana wenye ulemavu waliokaa humo walikuwa wenye nyumba. Aliyetaka kulala hadi jua lipande alilala. Aliyetaka uji bila sukari alipewa uji bila sukari, na hakuna aliyemwambia eti sukari ni nzuri kwake. Mara moja kwa mwaka kila mmoja wao alikuwa na kikao chake. Aliita watu aliowataka yeye, akakaa mbele yao, akasema maisha yake ayaendeshe vipi.

Mwihaki alikuwa amezaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake ilikuwa kali kama wembe, lakini maneno yalitoka kinywani yakiwa yamevunjika, na mgeni alisikia mngurumo tu. Watu wawili pekee walimsikia bila shida: Munyiva, aliyemhudumia tangu alipofika, na Lennox, kijana wa Kimasai mwenye miguu iliyopooza, aliyehamia ile nyumba nyingine ya Muthoki kule Kajiado ili awe karibu na mbuzi na watu wake wa Bisil. Kwa hiyo kwenye kikao Munyiva alimwazima Mwihaki mdomo. Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja, na Muthoki aliwafundisha wafanyakazi wake kabla hata ya kuwafundisha kukunja shuka: anayeazima mdomo husema "mimi". Hasemi "anasema." Anarudia alichosikia, haongezi chumvi na hapunguzi.

Siku ile, mbele ya mama yake, kaka yake na Muthoki, Mwihaki alisema: "Nataka kuhamia Kajiado. Nataka kukaa karibu na Lennox."

Munyiva alisikia kila neno. Na katika ule muda mfupi wa kuvuta pumzi, aliona Jumamosi zake zote zikienda Kajiado pamoja na kile kiti cha magurudumu. Mama yake Kahiga alikuwa amekataa kabisa habari ya kijana wake na "yule msichana wa kuosha." Bila Mwihaki hapa, Kahiga angekuja Kitengela kwa kisingizio gani?

"Anasema," Munyiva aliwaambia, "angependa kwenda Kajiado, kumtembelea Lennox. Siku moja moja."

Chumba kizima kilipumua. Kahiga akacheka, akasema basi kama dada yake anabaki, chumba chake kitapakwa rangi mpya. Muthoki alimgeukia mwenye kikao na kumuuliza kama ni hivyo. Mwihaki hakumjibu Muthoki. Alimtazama Munyiva usoni, akafunga mdomo, na tangu hapo hakuwa amesema neno.

Honi ililia langoni.

"Huyo ni Mum," Kahiga alisema. "Nilimwambia asije, kuna harufu ya rangi. Lakini unamjua."

Mama Virginia aliingia na kiondo cha parachichi, koti zito la Kona Baridi likiwa bado mwilini ingawa jua la Kitengela lilikuwa linachoma. Siku zote alimsalimia Munyiva kama mtu anavyosalimia mlango. Leo aliweka kiondo chini, akafungua mikono, akamkumbatia, rangi na yote.

"Mama, utachafuka!" Munyiva alishtuka.

"Nguo inafuliwa. Kahiga, kuna viazi kwa gari. Nenda ulete."

"Viazi si vinaweza kungoja?"

"Nimesema nenda."

Kahiga alimtazama Munyiva kwa jicho la kuomba msamaha, akatoka. Mama Virginia alivuta stuli, akaketi, akaangalia ukuta uliopakwa nusu.

"Manjano," alisema. "Baba yao, marehemu Waweru, alikuwa anapenda hiyo rangi. Keti, msichana wangu. Niko na neno."

Munyiva aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa "msichana wangu."

"Nilikuwa naogopa hicho kikao," Mama Virginia alianza. "Nilikuwa silali. Nilijua huyu mtoto ataleta hiyo maneno ya yule kijana wa Kajiado. Sasa hebu niambie wewe. Mmoja hawezi kushika kijiko, mwingine hawezi kusimama, nani atamtunza mwenzake? Akilala vibaya, nani atamgeuza? Mimi si mbaya. Mimi ni mama."

"Kule kuna wafanyakazi pia, Mama. Kama hapa."

"Hakuna wewe." Alimshika mkono. "Najua ni wewe ulimtuliza. Mtoto wangu ni mgumu, hakuna mtu angemfanya akubali kubaki ila wewe. Sasa Kahiga ameniambia mambo yenu, na nilikataa. Nilisema sikumsomesha aoe Mkamba wa kufua mashuka. Ndiyo, nilisema hivyo, wacha nikuambie ukweli. Lakini mtu anayempenda Mwihaki hivi, mimi nitamkataa na mdomo gani? Kesho baada ya kanisa uje nyumbani kwangu. Muthokoi, yale mahindi yenu ya Kikamba, sijui kupika, utakula irio zetu. Na uje na sweta, kule kuna baridi."

Yalikuwa maneno ambayo Munyiva aliyangojea mwaka mzima. Alikuwa ameyaota akiwa macho na akiwa amelala. Sasa yalikuwa yamemfikia. Aliutazama ule mkono uliomshika, mkono wa mwanamke mzima aliyekunja kiburi chake akaja nacho mpaka hapa, na akaona kwamba akiupokea, ataupokea kwa wizi.

"Asante, Mama," alisema. "Naomba nitoke kidogo."

"Ni hiyo harufu ya rangi. Enda upate hewa."

Nje, jua lilimpiga usoni. Alitembea hadi kwenye tangi la maji, akazunguka kiti, akapiga magoti mavumbini ili macho yake yawe sawa na ya Mwihaki. Mwihaki aliyainua macho yake, akaangalia lango juu ya kichwa cha Munyiva.

"Sikukosea kusikia," Munyiva alisema. "Nilisikia kila neno. Nilibadilisha kwa sababu nilimtaka Kahiga, na niliogopa ukienda, naye hatakuja tena. Nimekuibia. Nimekuwa nikikuosha na kukulisha kila siku nikijua nimekuibia."

Lori lilipita. Vumbi likapanda, likatulia.

"Mama yako ameniita kwenu kesho, kula. Ameniita msichana wake. Siwezi kwenda. Mwihaki, niambie nifanye nini. Ukitaka nimwambie Muthoki aniondoe, nitamwambia. Ukitaka nisiongee na wewe tena, sitaongea."

Mwihaki alishusha macho, akamtazama. Midomo yake ilisogea, shingo ikavutika upande kama ilivyofanya siku zote maneno yalipokuwa njiani. Sauti ilitoka ikiwa na kutu.

"Pua yako," alisema. "Iko na rangi."

Munyiva alitaka kucheka, yakatoka machozi. Akajifuta pua kwa kiganja, akaisambaza rangi.

"Sasa ni mbaya zaidi," Mwihaki alisema. Kisha hakutania tena. "Nipeleke ndani. Niazime mdomo."

"Mimi? Si Muthoki?"

"Wewe. Usiongeze chumvi."

"Hata kama unachosema ni juu yangu?"

"Hapo ndio usiongeze kabisa."

Kahiga alikuwa amerudi na gunia la viazi begani. Alipoona kiti kinaingia mlangoni alilishusha polepole, kwa sababu aliuona uso wa dada yake na akajua kwamba amezungumza. Mama Virginia alisimama.

"Supa," Mwihaki aliwasalimia.

Hiyo haikuhitaji mdomo wa mtu. Ilikuwa salamu ya Kimasai, aliifundishwa na Lennox, na ilitoka safi. Mama yake alikunja uso. Kahiga alijibu, "Ipa," akitabasamu kwa furaha isiyojua kinachokuja.

Munyiva alisimama kando ya kiti, mikono nyuma. Mwihaki alizungumza kwa vipande, na baada ya kila kipande Munyiva alirudia.

"Mama. Kahiga. Siku ya kikao nilisema kitu, na hamkukisikia."

"Nilisema nataka kuhamia Kajiado. Kuhamia. Sikusema kutembelea."

Tabasamu la Kahiga lilibaki usoni, lakini macho yake yakatoka kwa dada yake yakamwendea Munyiva.

Mwihaki alivuta pumzi, akasema kipande kilichofuata. Munyiva alikisikia, akafungua mdomo, sauti ikakataa.

"Munyiva," Mwihaki alimhimiza.

"Munyiva alidanganya," Munyiva alisema. "Alinisikia, akasema kitu kingine."

"Ngai, Mungu wangu!" Mama Virginia alishika kifua.

"Ningeweza kumwambia Muthoki kwa ubao wangu wa herufi. Ni pole pole, lakini ningeweza. Aliniuliza. Nilinyamaza." Munyiva alikuwa analia sasa, na hakujifuta, kwa maana aliona kujifuta nako kungekuwa kuongeza chumvi. "Nilinyamaza kwa sababu Munyiva ni rafiki yangu. Nilitaka aseme mwenyewe. Nilimngoja. Amechelewa sana, lakini amekuja."

Rangi ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye rola iliyoegemezwa, tone kwa tone, ikianguka juu ya gazeti lililotandikwa.

"Wewe msichana," Mama Virginia alisema hatimaye, "nimekukumbatia sasa hivi. Na hii koti."

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa unaniangalia tu."

"Ndiyo."

"Mama, muache," Mwihaki alisema kupitia mdomo uleule uliokuwa unalaumiwa. "Ongea na mimi. Mimi ndiye nahama."

"Huhami popote! Na nani? Na mtu hawezi kusimama? Hata maji ya chai hawezi kukuchemshia!"

Mwihaki alijibu upesi, na Munyiva, katikati ya machozi, alilazimika kuyasema vilevile: "Baba pia hakujua kuchemsha maji. Aliunguza sufuria mbili. Na ulimpenda."

Kahiga alitoa sauti ambayo ingekuwa kicheko siku nyingine. Macho ya Mama Virginia yakajaa maji ghafla, akageuka kuangalia ule ukuta wa manjano.

"Nampenda Lennox," Mwihaki aliendelea. "Ananichekesha. Ananisikia. Naogopa pia, Mama, usifikiri siogopi. Lakini naogopa nikiwa mimi."

Mama Virginia akachukua kiondo chake, akatoa parachichi, akaziweka moja moja dirishani kama mtu anayetafutia mikono kazi.

"Kahiga atakupeleka uone," alisema. "Kuona tu. Sijasema ndiyo." Alipita karibu na Munyiva bila kumtazama, akasimama mlangoni. "Na kesho nitapika kidogo. Hatutakuwa na mgeni."

Mwihaki aliomba asukumwe nje amfuate mama yake, na Kahiga akamsukuma. Munyiva alibaki peke yake chumbani. Aliokota rola, akaiweka, akaiokota tena. Alisikia sauti kutoka kwenye gari, ya mama ikipanda na ya Mwihaki ikikatakata, na kwa mara ya kwanza mama alikuwa akiuliza, "Umesema nini? Sema tena. Pole pole," na tena, "Sema tena."

Kahiga aliporudi hakukaribia. Alisimama upande wa pili wa chumba, ngazi ikiwa katikati yao.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Akienda Kajiado, hungepita hapa tena."

"Nilikuambia hivyo?"

"Hapana."

"Munyiva, barabara yetu ikifika Isinya inagawanyika. Kushoto Kitengela, kulia Kajiado. Ulifikiri siwezi kupinda mara mbili kwa siku moja?" Sauti yake haikupanda, afadhali ingepanda. "Ungeniuliza. Neno moja tu. Ningekuja hapa hata kama ni kununua misumari, na dukani kwangu nauza misumari."

Hilo ndilo lililomuuma Munyiva kupita yote: kwamba alikuwa ameiba kitu ambacho angepewa.

"Sisi nyumbani tulimsemea miaka yote," Kahiga aliendelea. "Mgeni akija, Mama anasema, 'Hataki chai. Amechoka. Anapenda kukaa jua.' Mimi pia nilifanya. Hatukujua kuna kitu cha kusikia. Wewe ndiye ulitufundisha, hapa, kwenye hiki chumba. Uliniambia, 'Nyamaza, ngoja amalize.' Nilianza kukupenda siku hiyo. Sasa mimi nitafanya nini na hiyo siku?"

"Sijui," alinong'ona. "Ni ya kweli. Hiyo siku ilikuwa ya kweli."

"Muthoki anajua?"

"Nitamwambia akirudi jioni. Mwenyewe. Akitaka nisiazime mtu mdomo tena, atakuwa na haki."

Kahiga alitikisa kichwa polepole. Alimtazama, na katika mtazamo ule Munyiva aliona hasira, na chini ya hasira aliona maumivu. Chini ya maumivu kulikuwa na kitu ambacho hakuthubutu kukipa jina, kwa sababu hakustahili kukipa jina leo.

Magurudumu yalilia kizingitini. Mwihaki alikuwa amejisogeza mwenyewe kwa mguu wake wa kulia, ule unaomtii, na alikuwa akihema.

"Kesho tunaenda?" alimuuliza kaka yake, na Munyiva akarudia.

"Kesho, baada ya kanisa. Mama pia atakuja, eti aone jikoni." Kahiga alisita. "Utataka nani akuazime mdomo? Uchague wewe."

Mwihaki alimwangalia Munyiva kwa muda. Munyiva alijitayarisha kwa jina lolote.

"Sitaki mtu," alirudia maneno ya Mwihaki. "Lennox ananisikia. Yeye ataniazima." Kipande kingine kikafuata, na jicho la Mwihaki likawa na ule mng'aro wake wa zamani wa utundu. "Munyiva abaki, amalize ukuta. Kuna mtu mwingine atalala hapa. Asikute chumba nusu. Na manjano ni mbaya, lakini sasa imeanza."

"Mbaya?" Kahiga alisema. "Ungeniambia!"

"Hukungoja nifungue macho."

Aligeuza kiti taratibu, akarudi kwa mama yake.

Kahiga alichukua rola kutoka mkononi mwa Munyiva. Vidole vyao havikugusana, alihakikisha. Aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili isikauke, akaifunika ndoo kwa kitambaa kilicholowa, akaweka kifuniko cha rangi na kukigonga kwa kisigino cha mkono. Alikunja ngazi, akaibeba hadi mlangoni. Hapo alisimama kidogo, akairudisha, akaiegemeza ukutani.

"Pale juu karibu na dari," alisema bila kugeuka, "paache. Hufikii."

Gari liliondoka na Kahiga na mama yake, Mwihaki akibaki langoni. Munyiva alisimama katikati ya chumba, akiutazama ukuta: manjano hadi mahali mkono wake ulipofika, na juu yake ule mweupe wa zamani, ukingoja. Akakusanya magazeti yaliyolowa, akafungua dirisha harufu itoke, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kumsubiri Muthoki.